Mtu Wetu Akikamatwa: Sheria za Jinai za Texas na Haki za Mtuhumiwa

Hotuba ya wauguzi wa jumuiya katika sherehe za Uhuru, Houston

  

Kila mwaka sisi wauguzi tunapewa nusu saa kabla ya chakula, na kila mwaka tunawasema juu ya chumvi, sukari na kutembea. Mwaka huu kamati imetuomba tuiache sukari tuzungumzie polisi na mahakama. Wako waliocheka walipoona ratiba. Muuguzi na sheria ya jinai wapi na wapi? Sababu ni hii. Mtu wetu akikamatwa saa nane za usiku, familia haimpigii wakili, kwa kuwa haina wakili. Inampigia muuguzi. Muuguzi yuko macho, yuko zamu, amezoea Kiingereza cha ofisini, na inaaminika kwamba hatatangaza. Halafu kazini kwetu wanaletwa wagonjwa wenye pingu mkono mmoja, pingu nyingine kwenye chuma cha kitanda, askari amekaa kitini mlangoni. Tunawaona watu wakiongea wasipopaswa kuongea, na wakinyamaza pale walipopaswa kusema.

Sisi si mawakili, na tunayosema leo hayachukui nafasi ya wakili. Yachukueni kama tunavyowafundisha dalili za kiharusi. Hatuwafundishi kupasua kichwa. Tunawafundisha nani apigiwe simu, na nini kisifanyike wakati mnamsubiri.

Kwa kuwa ni siku ya Uhuru, tuanzie nyumbani. Tanganyika ilipojitawala tarehe 9 Desemba 1961, Katiba yake haikuwa na sura ya haki za binadamu. Viongozi wa wakati ule waliona nchi changa itafungwa mikono. Sura hiyo iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na ndimo ilimo Ibara ya 13, inayokataza mtuhumiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitishwa. Kwa hiyo wazee wetu walioondoka nyumbani kabla ya hapo waliondoka kabla maneno hayo hayajaandikwa. Hapa Marekani haki za namna hiyo ziliingizwa katika Katiba mwaka 1791, nazo zinamlinda mtu yeyote aliye ndani ya nchi, mwenye hati na asiye nazo. Lakini zina tabia moja ambayo wengi wetu hatuijui: nyingine huzipati mpaka uzitaje kwa mdomo wako. Tutarudi hapo.

Kwanza tuelewane juu ya neno "jimbo". Tanzania Bara ina Kanuni ya Adhabu moja. Kosa la Mtwara ni kosa la Mwanza. Marekani kila jimbo linatunga sheria zake za jinai, halafu juu yake kuna sheria za taifa. Kijana akienda Colorado kutembea ataona maduka yanauza bangi mchana kweupe, na mafuta yake ya kuvuta kwa ile mitambo midogo wanayoiita vepu. Akirudi Texas na kifaa kimoja chenye mafuta hayo mfukoni, hata kama ni chini ya gramu moja, amebeba kosa kubwa la jinai lenye kifungo cha siku 180 hadi miaka miwili. Majani ya bangi yasiyozidi wakia mbili, yaani kama gramu 56, ni kosa dogo la daraja B. Mafuta ni kosa kubwa. Vijana wetu wanaamini kinyume, kwamba vepu ni nyepesi kwa kuwa hainuki.

Texas inagawa makosa madogo katika madaraja matatu. Daraja C ni faini tu, isiyozidi dola 500. Daraja B ni hadi siku 180 jela, na daraja A hadi mwaka mmoja. Juu ya hapo ni makosa makubwa, kuanzia hayo ya siku 180 hadi kifungo cha maisha, na mwisho wake adhabu ya kifo. Wizi unapimwa kwa thamani ya kitu: cha chini ya dola 100 ni daraja C, kutoka 100 hadi kabla ya 750 ni B, kutoka 750 hadi kabla ya 2,500 ni A, na kuanzia 2,500 umeingia kwenye makosa makubwa. Si lazima mkariri. Kumbukeni tu kwamba anayeambiwa "ni kosa dogo" aulize papo hapo, dogo la daraja gani?

Sasa tunawaomba wazazi wote watusikilize hapa, hata waliopo kwenye foleni ya chai. Mahakama ya watoto ya Texas inamshughulikia mtoto kuanzia miaka 10 mpaka kabla hajatimiza 17. Siku anayotimiza 17, kwa kosa la jinai amekuwa mtu mzima. Majimbo mengi yameweka 18, Texas bado. Huyo huyo akija kwetu kliniki kwa matibabu ya kawaida tunamrudisha nyumbani akalete saini ya mzazi. Hawezi kupiga kura wala kununua sigara. Lakini askari anaweza kukaa naye chumbani na kumhoji bila kuwapigia ninyi simu, na atalazwa jela ya watu wazima. Aliye chini ya 17 analindwa zaidi: maelezo yake ya maandishi akiwa kizuizini hayafai mahakamani mpaka hakimu awe amemweleza haki zake, na ayasaini mbele ya hakimu huyo bila askari kuwepo. Keki ya miaka 17 basi iambatane na mazungumzo.

Tuje kwenye kunyamaza. Tumelelewa kwamba mtu mkubwa akikuuliza, unajibu. Kukaa kimya mbele ya mwalimu, mjumbe wa nyumba kumi au askari ni jeuri, na pengine ni dalili kwamba una hatia. Tena tunaamini sana kujieleza: "Ngoja nimweleze, ataelewa." Mtu wetu akikamatwa anaeleza tangu barabarani, anaeleza ndani ya gari la polisi, akifika kituoni anaeleza tena tofauti kidogo, kwa kuwa amechoka na Kiingereza kinamtoroka. Tofauti ile ndiyo inayosomwa mahakamani kama uongo.

Watu wengi wanayajua yale maonyo ya polisi kutoka kwenye sinema. Yanatokana na kesi ya Miranda ya mwaka 1966, na yanatakiwa pale ambapo mtu yuko chini ya ulinzi na anahojiwa. Kabla ya hapo, mkiwa mnazungumza tu, askari halazimiki kuyasoma. Na kuna kesi ilitoka hapa hapa Houston. Mtu aliyeitwa Salinas alikwenda mwenyewe kituoni mwaka 1993 kuulizwa juu ya mauaji ya ndugu wawili. Hakuwa amekamatwa. Alijibu karibu maswali yote, na alipoulizwa kama maganda ya risasi yangelingana na bunduki yake, akanyamaza, akaangalia chini. Baadaye mwendesha mashtaka aliutumia ukimya ule kama ushahidi. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubaliana na Texas, majaji watano kwa wanne, kwa kuwa hakusema kwamba anaitumia haki yake. Alinyamaza tu.

Hili linatushangaza hata sisi tulilolisoma mara nyingi. Ili uruhusiwe kunyamaza, lazima useme. Kwa hiyo sentensi ni mbili, na kila mtoto wetu azijue kwa Kiingereza kama anavyojua jina lake: "Natumia haki yangu ya kunyamaza. Namtaka wakili." Akishazisema, anyamaze kweli. Asianze tena kuzungumza juu ya mpira, kwa sababu mpira unaleta mengine. Na asiseme "labda ningehitaji wakili". Mahakama zimeshaamua kwamba labda si ombi.

Heshima haiondoki. Mikono kwenye usukani, taa ya ndani iwashwe kama ni usiku, sauti ya chini, "ndiyo afisa". Dereva anatakiwa atoe leseni na bima, na aliyekamatwa kihalali anatakiwa ataje jina lake, anwani na tarehe ya kuzaliwa. Kudanganya jina ni kosa jipya juu ya lile la kwanza, na tunawataja kwa upendo wale wanaotoa jina la kaka yao mwenye leseni safi. Akiomba kupekua gari, mnaweza kusema kwa adabu, "Sikubali upekuzi." Akipekua hata hivyo, msimzuie kwa mkono, wakili atalisema mahakamani. Simu ya mkononi haipekuliwi bila hati ya hakimu, tangu uamuzi wa mwaka 2014, ila wewe mwenyewe ukitoa namba ya siri kwa hiari, umefungua mlango.

Dereva akikamatwa kwa ulevi, kipimo cha sheria ni 0.08, lakini hata chini ya hapo unaweza kushtakiwa kama hukuwa na utimamu wako. Akiwemo mtoto wa chini ya miaka 15 ndani ya gari, kosa linakuwa kubwa hata kama ni mara ya kwanza. Mkirudi nyumbani leo usiku kumbukeni hilo. Ukikataa kupimwa, leseni inaweza kusimamishwa siku 180, na una siku 15 tu za kuomba usikilizwe. Watu wanazipoteza siku hizo wakisubiri tarehe ya mahakama, ambayo ni jambo jingine kabisa. Damu yenyewe inahitaji ridhaa yako au hati ya hakimu, isipokuwa kwa dharura chache. Wenzetu wa kazi wanamkumbuka muuguzi wa Salt Lake City, Alex Wubbels, aliyefungwa pingu Julai 2017 kwa kumkatalia askari damu ya mgonjwa aliyepoteza fahamu, bila hati wala ridhaa. Aliachiwa bila mashtaka, askari akafukuzwa kazi. Video yake tunaionyesha kwa wauguzi wapya.

Sasa nyumbani, na hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa simu nyingi za saa nane za usiku zinatoka nyumbani.

Mume na mke wanagombana, mmoja anapiga 911. Wazee wanapigiwa, wanakuja asubuhi na busara zao, wanakuta mtu ameshachukuliwa. Mke anasema, "Nimemsamehe, nafuta kesi." Hawezi kuifuta. Kesi ya jinai inasomwa Jimbo la Texas dhidi ya fulani; mke ni shahidi tu. Anaweza kuandika kiapo kwamba hataki mashtaka, na mwendesha mashtaka anaweza kukisoma, akakiweka pembeni na kuendelea. Hakimu anaweza kutoa amri ya ulinzi inayomkataza mume kukanyaga nyumbani, kwa kawaida siku 31 hadi 61, na zaidi kukiwa na silaha. Amri ile mke hawezi kuitangua kwa kumpigia simu "rudi, watoto wanakuulizia." Mume akirudi, ametenda kosa jipya. Ni mahakama peke yake inayoibadilisha.

Wazee wetu, tunawaheshimu, na usuluhishi wenu umeokoa ndoa nyingi katika ukumbi huu. Lakini kabla hamjapeleka ujumbe kutoka kwa mume kwenda kwa mke, someni kwanza amri inasema nini, maana inaweza kukataza hata ujumbe wa kupitia kwa mtu. Na kumtisha shahidi au kumpa chochote ili asitoe ushahidi ni jinai. Kikao cha familia chenye nia njema kinaweza kuonekana hivyo mbele ya askari asiyejua mila zetu.

Hatusemi haya ili mwanamke anayepigwa aogope kupiga simu. Apige. Kumnyang'anya mtu simu anapoita msaada wa dharura ni kosa la daraja A. Kumkaba mwenzi wako shingo, hata bila kuacha alama, ni kosa kubwa la miaka miwili hadi 10, na sisi tunajua kwa nini sheria ni kali hapo: aliyekabwa leo anaweza kuongea vizuri, kesho ubongo ukakosa damu. Na asiye raia aliyeteswa na mwenzi ambaye ni raia au mwenye grini kadi ana njia yake mwenyewe ya kuomba makazi bila mkono wa huyo anayempiga, kwa sheria ya taifa ya mwaka 1994. Hilo wanaume wengine hawalitaji nyumbani.

Kuhusu watoto na fimbo. Sheria ya Texas inamruhusu mzazi kutumia nguvu ya kiasi kumrudi mtoto. Neno "kiasi" ndilo linalotufikisha mahakamani. Fimbo iliyoacha mistari, mkanda uliochana ngozi, haviko ndani ya kiasi kwa macho ya watu wa hapa. Na mkituletea mtoto mwenye alama hizo, hatuna hiari. Texas inamtaka kila mtu mwenye sababu ya kushuku atoe taarifa, na sisi wa leseni hatuwezi hata kumwachia mwenzetu aripoti kwa niaba yetu. Msitukasirikie, msituombe tusiandike. Idara ya ulinzi wa watoto ikija mlangoni, tangu Septemba 2023 sheria inawataka wachunguzi wawaambie wazazi haki zao, ikiwemo kutozungumza bila wakili na kutowaruhusu kuingia bila amri ya mahakama. Isipokuwa maisha ya mtoto yako hatarini, una nafasi ya kusema kwa adabu, "Nitazungumza wakili akiwepo."

Jambo jingine dogo ambalo kwetu ni ukarimu: kugawana dawa. Mama ana tramadol ya mgongo, jirani mgongo unamuuma, anampa vidonge vinne. Tramadol ni dawa inayodhibitiwa, nchi nzima tangu 2014, na kumpa mtu mwingine ni kosa hata bila kumuuza. Na wanaoletewa mirungi kwa vifurushi, kiini chake ni katika orodha ya dawa za kulevya hapa, hata kama huko Meru inauzwa sokoni kama mchicha.

Mtu akikamatwa, anatakiwa afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 48. Hakimu anamweleza tuhuma, haki zake, na kiasi cha dhamana. Asiye na uwezo anaomba wakili wa serikali papo hapo, na katika kaunti kubwa kama Harris mahakama inatakiwa imteue ndani ya siku moja ya kazi baada ya kulipata ombi. Watu wetu wanajaza kwamba hawamhitaji, kwa aibu ya kuonekana maskini, au kwa kuamini kwamba wakili wa bure ni daktari wa kienyeji. Ni wakili kamili. Vilevile ombeni mkalimani. Mtu anayeagiza chakula kwa Kiingereza bila shida anaweza asijue tofauti ya kukiri na kutopinga. Na kama tunavyokataa hospitalini, mtoto wa miaka 12 asiwe mkalimani wa kesi ya baba yake.

Dhamana ya nyumbani mnaijua: wadhamini wawili na barua ya serikali ya mtaa. Hapa ni fedha. Anayelipiwa na kampuni ya dhamana kwa kawaida hutoa kama asilimia 10, na fedha hiyo hairudi hata akishinda. Kwa asiye raia, kabla ya kukimbilia kulipa, ulizeni kama maafisa wa uhamiaji wameweka zuio, kwa sababu anaweza kutoka mlango mmoja akaingia mwingine. Na simu za jela zinarekodiwa. Msidhani Kiswahili ni siri. Wakalimani wa Kiswahili wapo. Baadhi yao wamo humu ukumbini wanakula sambusa.

Hapa tuvae tena gauni letu la kazi. Julai 2015, si mbali na hapa, katika kaunti ya Waller, Sandra Bland alisimamishwa kwa kutowasha taa ya kubadili njia. Siku tatu baadaye alikutwa amekufa jela. Alihitaji kama dola 500 kutoka. Kutokana na kifo chake Texas ilitunga mwaka 2017 sheria yenye jina lake, juu ya kupima afya ya akili ya wanaoingia jela na kuwapatia wahudumu wa afya. Wakati wa kupokelewa jela utaulizwa maswali ya afya. Hayo yajibuni. Haki ya kunyamaza haihusiani na insulini. Taja kisukari, taja presha, taja dawa za kufubaza virusi, taja ujauzito, taja kama umewahi kufikiria kujiua. Tangu mwaka 1976, katika kesi iliyotoka gereza la Texas, ni ukiukaji wa Katiba kupuuza kwa makusudi ugonjwa mkubwa wa mfungwa. Lakini hawawezi kupuuza wasichokijua. Na familia ipige simu jela, iombe kitengo cha afya, isome majina ya dawa.

Watanzania wana jambo la ziada. Tanzania imo katika orodha ya nchi ambazo ubalozi wake lazima ujulishwe raia wake anapokamatwa, atake asitake. Kwa Mkenya, ubalozi unajulishwa akiomba. Aliyechukua uraia wa Marekani hayumo katika hilo.

Tumeliacha la mwisho lile linaloumiza familia nyingi zaidi kimya kimya. Mtu amekaa jela siku nne. Kazi iko hatarini, mwenye nyumba anadai. Anaambiwa: kiri leo, uende nyumbani leo, hukumu itaahirishwa, ukimaliza muda wako vizuri kesi inafutwa na hutakuwa na hatia. Kwa sheria ya Texas ni kweli. Lakini uhamiaji ni sheria ya taifa, na sheria ya taifa inahesabu kwa namna yake: ukikiri, au ukisema hupingi, na ukawekewa adhabu au masharti yoyote, kwao hiyo ni hatia. Miaka sita baadaye anarudi kutoka msiba Dodoma, anazuiwa uwanja wa ndege kwa kesi ambayo Texas inasema haipo. Hatia ya ugomvi wa nyumbani au ya dawa za kulevya, karibu ya namna yoyote, inaweza kumwondoa hata mwenye grini kadi. Wizi wa daraja A ndani ya miaka mitano tangu kuingia nchini pia. Na tangu Januari 2025, kwa baadhi ya wasio na hati, kukamatwa tu kwa tuhuma ya wizi wa dukani kunatosha kuzuiliwa.

Kulikuwa na dereva wa lori, Padilla, mzaliwa wa Honduras, mwenye makazi halali zaidi ya miaka 40, askari wa zamani wa vita vya Vietnam. Alikamatwa Kentucky na bangi kwenye lori. Wakili akamwambia asihofu, amekaa nchini muda mrefu. Akakiri. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ilisema wakili wa jinai anawajibika kumweleza mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa nchini. Madereva wa lori ni wengi katika jumuiya yetu, ndiyo maana tunamtaja. Swali lenyewe ni fupi: "Nikikiri hili, uhamiaji watalionaje?" Kama wakili hajui, aombe tarehe nyingine. Wauguzi wenzetu nao, bodi ya leseni inauliza hata hizo hukumu zilizoahirishwa.

Na wenye grini kadi wanaoahirisha uraia, mjue kwamba mzazi akiapishwa kabla mtoto hajafika 18, mtoto mwenye grini kadi anayeishi naye anakuwa raia siku hiyo hiyo. Tunaujua uchungu wake, Tanzania hairuhusu mtu mzima uraia wa nchi mbili, na leo ni siku ya bendera. Lakini kaeni mlizungumze nyumbani.

Muda wetu umekwisha, Mwenyekiti ananionyesha saa. Tumeandika zile sentensi mbili kwenye kadi ndogo, ziko mezani karibu na vifaa vya kupimia presha. Kila mzazi achukue za watoto wake. Upande wa nyuma tumeacha wazi ili muandike namba moja ya simu. Muikariri pia, kwa sababu simu yenyewe itakuwa mikononi mwa askari. Vijana wa miaka 15 hadi 20 wabaki hapa mbele dakika kumi. Tutacheza igizo, kaka mmoja atakuwa askari, na kila mmoja atazisema zile sentensi kwa sauti ya kusikika.